Kifungo cha Deni

Mbwa wangu anaitwa Deni,
kwa sababu Kanankira wa Kiboriloni
alishindwa kunilipa magunia mawili ya pumba
akaniletea kitoto cha mbwa ndani ya kapu.

Mwezi wa nane nikaona kwenye sikio lake
kitu chekundu, cha mviringo, kipara,
mfano wa kifungo cha koti
ambacho fundi amekishona mahali pasipo tundu.
Kikakua.
Mke wangu akasema, kikatwe.
Jirani akasema, mfukuze.

Daktari Lyatuu alichoma sindano, akapaka tone kwenye kioo,
akainamia hadubini
hata chai yake ikaota utando.
Kisha akawasha tochi nyuma ya sikio
na sikio likawa jani:
mishipa mipya, myembamba kuliko uzi,
yote imeelekea kwenye kifungo.

"Kimechepusha maji ya ukoo mzima," nikasema,
mimi mtoto wa Uru, niliyekesha utotoni
nikilinda zamu yetu kwenye mfongo.

Akacheka. "Mfereji haumwulizi apitaye.
Ulioleta chakula ndio utakaoleta askari.
Huyu bado kijana, damu yake itajua.
Ngoja wiki sita."

Nilingoja vibaya. Kila usiku tochi.
Wiki ya tatu mishipa ikazidi, kifungo kikawa kaa la moto;
nikahesabu pesa ya kisu, nikazirudisha koponi,
nikazihesabu tena.
Wiki ya nne kikafanya ganda.
Wiki ya tano kikanywea
kama mgeni aliyeona mwenyeji anaosha sufuria.

Najua si kila uvimbe una adabu hii.
Dada yangu Aikande nilimsindikiza KCMC mara kumi na moja,
na mara ya kumi na mbili nilikwenda na sanda.
Kwa hiyo sisemi kitu kikubwa.

Nasema tu, asubuhi ile mlima ulijifunua wote, mweupe,
nami sikuutazama.
Nilikuwa nimechuchumaa uani
natafuta kwa kidole mahali palipokuwa na uzi.
Baka la waridi. Vinyoya vitatu, vinne, vinaanza.

Jumamosi Kanankira akanikwepa sokoni, kama kawaida yake.
Nikampigia kelele juu ya mafungu ya ndizi:
"Deni limepona!"
Akasimama, hajui acheke au akimbie.