Mstari wa Rangi

Kadi ya chanjo ni ya manjano, hukunjwa mara mbili.
Jina la mnyama: nafasi ipo.
Mwenyewe, komini, avenyu, namba ya nyumba: nafasi tele.
Rangi: mstari mmoja, mfupi kuliko kidole changu cha kati.
Miaka sita hapa Katuba nimeujaza bila kufikiri,
mweusi, mweupe, mweusi, madoa,
anayefuata!

Numbi Kaseya akaingia na kikapu cha makala.
Makala yameshauzwa, kimebaki kivumbi,
na ndani ya kivumbi kitu kikapiga chafya.
Nikaandika m, nikaandika w,
akanishika mkono.
"Bado hujamwona."

"Mama, ni mweusi."

"Na mama yake walisema mweusi. Paka wa wachawi.
Asubuhi nikamkuta mtaroni, mawe yamemzunguka.
Alikuwa na kiraka chini ya kidevu, kidogo hivi.
Hakuna aliyeinama."

Kabla ya makala, Numbi aliosha mawe mtoni,
maji kiunoni, chekecheke mkononi.
Wanunuzi walikuja na mashine ya kupimia.
Yeye alikuwa na mate na kidole gumba.
"Jiwe kavu ni jiwe la uongo," akasema,
akachovya kidole katika bilauri ya chai
(bilauri yangu, chai yangu),
akampitishia yule mtoto toka pajini hadi mkiani.
Unga wa makala ukamtoka paka, ukampaka yeye.

"Sasa njoo juani."
Tukatoka, foleni ikinung'unika,
mbwa watatu na kasuku mwenye bawa bovu.
Saa tatu ya asubuhi, mwanga haujawa mkali.
Akayafunua manyoya kinyumenyume, polepole,
kama mtu aliyepoteza ukurasa.

Kumbe shinani ni meupe, meupe kama muhogo uliomenywa.
Nyeusi ilikuwa ncha tu,
moshi uliotua na kukosa pa kwenda.
Na ubavuni, ukimgeuza kidogo, milia:
hapa ipo, hapa haipo,
kama alama za mkeka kwenye shavu
la mtu aliyeamka sasa hivi.
Chini ya kidevu, palepale pa mama yake...

"Kutu," nikasema.
"Kutu ni ya chuma. Hii shaba."
Nimezaliwa Lubumbashi. Sikubishana.

"Na macho? Niandike buluu?"
"Macho yaache. Hayo ameazima,
atayarudisha kabla ya mvua.
Milia nayo huenda ikazama, huenda ikapanda.
Shaba haiendi popote.
Na mwenye shaba na nyeusi pamoja ni jike,
karibu kila mara, huna haja ya kuinua mkia."
Niliinua. Jike.

Nikaanza kuandika: moshi mweusi, shina jeupe,
mstari ukaniishia kwenye neno milia.
Nikapanda pembeni mwa kadi, nikapita juu ya komini,
nikazunguka mahali pa muhuri
kama mtu anayekwepa dimbwi.
Daktari akauliza, hii ni kadi au ni barua?
"Muhuri uwe hapa," Numbi akaonyesha,
"uguse neno shaba. Wa avenyu yetu
hawasomi sana, ila muhuri wanauogopa."

Ukapigwa. Wino haujakauka
paka akaukanyaga, akatia sahihi yake.

Alilipa kwa noti za makala, nyeusi, laini kama matambara.
Nikalowanisha kidole gumba ili nizihesabu,
na kwenye ya tatu, chini ya weusi,
rangi yake ikajitokeza.

Aliyefuata alikuwa mbwa.
"Mweusi tu," bwana wake akasema, ana haraka.
Nikaitafuta bilauri yangu.
Chai ilikuwa imepoa, ina unywele mmoja,
mweupe shinani.