Zamu ya Alhamisi

Mimi ni mtu wa vichochoro.
Nimezaliwa Langoni, Lamu, ukuta kwa ukuta:
jirani akenda chafya kwake
nami kwangu namjibu yarhamukallah
bila kuuacha ukili mkononi.
Punda akija, wewe ndiwe wa kujibana.

Basi waliponihamishia Malindi, mtaa mpya nyuma ya Ngala,
nafasi ilinitisha.
Nyumba hii hapa, nyumba ile kule,
baina yake bustani,
ukimaliza bustani, uwanja,
ukimaliza uwanja, bustani tena,
kama doti ya kanga iliyoanuliwa ikasahauliwa kukunjwa.
Nikamwuliza mwanangu Shekue:
Watu wa hapa wamegombana?
Akacheka. Mama, hii ni hewa.

Wiki nzima nilifunga madirisha ya upande wa hewa.

Siku ya nane akabisha Jumwa wa nambari sita,
daftari la mraba kwapani, kalamu kilembani.
Hakuniuliza mume, hakuniuliza ukoo.
"Imebaki Alhamisi," akasema.
"Kila nyumba ina mti wake.
Wako mkungu ule, pale penye bembea.
Ndoo mbili, jua likishapoa. Ukisafiri, sema."
Akaandika, akaenda zake.
Sikuwa nimejibu kitu.
Lakini usiku ule nikafungua dirisha moja.

Nikajifunza mtaa kwa ndoo.
Maji ya mfereji huja kwa hiari yake,
kwa hivyo foleni ni ndefu na habari ni nyingi:
nani kaposwa, nani kafukuzwa hotelini,
bei ya nazi, goti la Mwalimu Thoya
anayezunguka uwanja mara saba kila alfajiri
na kuhesabu kwa sauti, asije akajipunja.
Watoto hunisalimu shikamoo nikienda,
nikirudi huniaga chao,
kisha hukaa chini ya mti wangu
kuponda kungu kwa mawe yangu ya jikoni.

Mti wangu. Sikia ninavyosema.

Halafu homa ikanilaza.
Alhamisi tatu sikuinua hata kikombe.
Wakaja na uji, wakaja na ndimu,
wakaja na maneno mengi kuliko ndimu,
ila la mkungu hakulitaja mtu,
nami nikaona haya kuuliza.
Nilipotoka, kwa kushika ukuta,
udongo ulikuwa mbichi,
na majani mapya mekundu yametoka bila mimi.
Jumwa akafunua daftari: alama tatu, wino wa kijani.
"Si mkono wangu," akasema. "Wa nani, sijui."

Alhamisi ya nne nikazima taa nikangoja.

Saa tano kasoro, akatoka Kahindi.
Kahindi wa nambari kumi na moja,
aliyesimama mkutanoni kuipinga bustani,
mwenye kioo kilichozibwa kwa katoni
tangu wavulana walipokivunja kwa mpira.
Kahindi asiyeitika salamu.
Fulana, kikoi, debe la mafuta ya kupikia
lililotobolewa matundu kwa msumari.
Akanyunyiza polepole, akizunguka shina,
kama mtu anayeosha kichwa cha mtoto
asiyetaka sabuni imwingie machoni.

Mimi huyo, nyuma ya pazia,
vumbi la pazia puani,
nikenda chafya.

Debe likanyamaza.
Mchirizi wa mwisho nikausikia ukinywewa na mchanga.
Nikabana pumzi. Uwanja mzima baina yetu,
hakuna ukuta hata mmoja wa kupitisha sauti.

"Afya, jirani," akasema,
na debe likaendelea.

Asubuhi nilimsalimu. Hakuitika.
Sikumlaumu; kila mtu na saa zake.
Ila Alhamisi sasa nabeba ndoo tatu:
mbili za mkungu,
na moja ya mpapai uliojiotea wenyewe
nje ya ua wa nambari kumi na moja,
ambao haumo daftarini.