Daktari Asiyedunga Sindano

Ulipofika Amukura mvua ilikuwa imechelewa
na karanga zetu zimedumaa mwaka wa pili,
majani manjano, yamejikunja kama ngumi za mtoto mchanga.
Watu walishasema ni jicho la jirani.
Ukapiga magoti shambani kwa mama
na suruali yako iliyopigwa pasi,
ukapindua jani moja, ukasema: hawa hapa.
Vidukari. Weusi, wadogo kama nukta.
Mama akacheka. Daktari gani huyu
asiyedunga sindano, anayetibu majani?

Tulikuita Toliva, maana Tolliver ilitushinda.
Watoto walikufuata wakibishana:
ngozi yetu, lakini puani kunatoka Kizungu.
Ekirapa wa kinu cha unga aliuliza kwenu ni wapi.
Ukasema Alabama.
Akauliza hiyo ni upande gani wa Tororo.
Ukanyamaza kidogo. Mbali, ukasema.
Babu yangu aliandikwa kwenye daftari la shamba
baina ya nyumbu wawili na plau.
Nilikuwa na miaka tisa, sikulielewa.
Nililibeba tu, kama mtu anavyobeba ufunguo
wa mlango asioujua.

Jioni moja ulikaa ukimenya nasi.
Ukatuambia nyanya yako aliziita guba,
neno alilopewa na mamaye, naye na mamaye,
hadi pale kumbukumbu inapoingia maji.
Ukatutazama mmoja mmoja, ukingoja.
Guba?
Hakuna aliyelijua.
Sisi husema emaido, alisema mama, taratibu,
kama anayemrudishia tarishi
barua iliyoletwa nyumba isiyo yake.
Emaido, ukarudia. Ukaliandika.
Usiku ule hukula.

Lakini asubuhi ulikuwa shambani kabla ya kuku,
mistari ukiipima kwa kamba ya mkonge,
mbegu kwa kopo la Kimbo.
Pandeni mapema, ulisema, pandeni karibu karibu,
kidukari hushukia penye uwazi.
Na kando ya kichuguu, mche mmoja,
mmoja tu, ulisimama kijani kati ya wagonjwa.
Uliuzungushia vijiti, ukaukalia zamu
kama watu wanavyomkalia mahututi,
ila huyu alikuwa ndiye mzima.
Ulinionyesha ua lake: dogo, la manjano,
asubuhi limechanua, jioni limenyauka,
kisha kikonyo kinainama, kinapapasa udongo,
kinajizika chenyewe. Huko chini ndiko kinakozaa.
"Kazi nyingine," ulisema,
na hukumalizia.

Msimu wa nne ukaondoka. Homa, walisema wengine;
wengine, barua kutoka wizarani.
Mbegu ilirudi baada ya miaka, duka la pembejeo Busia,
ndani ya mfuko wenye tarakimu
na picha ya mwanamke anayetabasamu
ambaye hajawahi kung'oa karanga. Tazama kucha.

Juzi mjukuu wangu, anayesomea kilimo Njoro,
amenitumia picha ya ukurasa ulioliwa na mende.
Mwandiko umelalia kulia, kama mvua ya upepo:
Mche nambari saba. Shamba la Asekenye Imai.
Yeye ndiye aliyeuona kwanza.

Nimeusoma mara tatu, miwani nikiifuta.
Mama hakuwahi kusema.
Au alisema, msimu mzima, kule kwenye kichuguu
kuna mmoja haujaugua,
nasi tulikuwa tunacheka suruali yako.

Mwaka huu nimepanda mapema, udongo ukiwa bado na vumbi.
Karibu karibu.
Mistari miwili ya mwisho, upande wa barabara,
siuzi, wala sikaangi.
Hiyo naiita guba.
Wapita njia wanauliza ni lugha gani.
Nawaambia wainame washike jembe kwanza.