Sahani ya Kosa

Mwezi ule kiwanda kilipofunga geti
nilijifunza kusema "nimetoka kula"
kwa sauti ya mtu aliyetoka kula:
naegemea kiti, napangusa mdomo mkavu,
najipiga tumbo mara mbili, kama ngoma ya kuazima.

Tulikuwa wanne, Ijumaa ya mwisho wa mwezi,
mgahawani kwa Mama Ndelilio, Majengo, nyuma ya mafundi cherehani,
meza ya pembeni yenye mguu mfupi
uliowekewa kizibo cha soda tangu tukiwa wanafunzi.
Mlima siku hizo ulijifunika mawingu kutwa
kama mdaiwa aliyesikia hodi.
Niliuelewa.

Aikaruwa huagiza mtori bila kusoma ubao,
huupuliza, huulaumu, huumaliza:
"Huu si wa mama yangu. Ndizi zimepondwa kwa hasira."
Sendeu hataki kitu chenye mchuzi;
mbavu za mbuzi, chumvi, pilipili, basi,
na kisu chake mwenyewe mfukoni,
maana visu vya hapa, asema, vinaibembeleza nyama.
Mkunde, nesi wa zamu ya usiku,
hula machalari kafumba macho,
hujibu swali la kwanza sisi tumeshafika la tatu.

"Na wewe?"
"Chai ya rangi. Nimetoka kula."

Sasa huyo Shedafa, mhudumu,
kijana wa Upareni mwenye kalamu sikioni asiyoiandikia,
akaanza kukosea.
Wali maharage na dagaa ukatua mbele yangu.
"Sikuagiza."
"Aa! Ulikuwa wa meza ya mlangoni, nao wameshaondoka.
Nikiurudisha jikoni mama atanikata mshahara.
Nisaidie, kaka."
Ningefanyaje? Nilimsaidia.
Nilimsaidia hadi punje ya mwisho.

Mwezi uliofuata, kiburu.
Mwezi uliofuata, nusu kuku,
nikasema moyoni: huyu hafiki Krismasi, atafukuzwa.
Nikamtetea hata kwa wenzangu:
"Msimcheke, kichwa chake kina mambo."
Aikaruwa akakohoa ndani ya bakuli.
Sendeu akaukagua mfupa aliokwisha kuukagua.
Mkunde, kafumba macho, akasema,
"Kila mtu na kipaji chake."

Januari nikapata kibarua
cha kuhesabu magunia ya kahawa ghalani,
vumbi lake linaingia hadi kwenye ndoto.
Malipo ya kwanza nikaenda nayo peke yangu,
Jumanne mchana, meza yenye kizibo.
Nilitaka kuagiza kama binadamu,
nikiite chakula kwa jina lake.
Ulimi ukasema chai. Mazoea.
Nikasubiri.

Shedafa akapita na wali. Akapita na samaki.
Akapita na ndizi nyama zinafuka moshi.
Kila sahani iliijua meza yake,
hakuna hata moja iliyopotea njia.
Nikamwita, nikimtania:
"Vipi, leo hukosei?"

Akaitoa kalamu sikioni, akaitazama
kama ndiyo kwanza anaiona.
"Kaka," akasema taratibu,
"leo hakuna aliyelipia kosa."

Nje cherehani ilishona mstari mrefu, ikakata uzi.
Chai ikapoa.
Miezi saba! Na mimi nikimwombea kijana wa watu
asifukuzwe kazi.

Nikaagiza mtori. Nikaupuliza.
Ndizi hazikuwa na hasira yoyote.

Ijumaa nitakaa palepale, mguu wangu kwenye mguu wa meza.
Sijui nitaanzia wapi. Shukrani nimeijaribu njia nzima,
inanikwama kooni kama mwiba wa sato.
Labda nitaulaumu mtori, Aikaruwa afurahi.
Labda watakapouliza, "Na wewe?"
nitasema nina njaa,
kwa sauti ya mtu mwenye njaa.