Bila Hodi

Boliti nne, na ya tatu ilikataa.
Nikaimwagia mafuta ya taa, nikalala.
Asubuhi ikalegea kama jino la mtoto,
ukanitokea mkononi, injini,
umejaa masizi hadi shingoni.

Mwatela hakusema kitu.
Alishika kidole chake cha shahada,
kile ulichokikata siku ya Idi,
alipokuzungusha kwa mkono
ukaitika kabla ya kuitwa.
Nyuzi saba. Kovu limekaa kama mkato katika sentensi
ambayo hajaimaliza.

Mimi kazi yangu ni kusuka mota.
Makupa wananijua: feni, pampu za visima,
blenda za wauza sharubati.
Shaba naijua kama mama alivyojua ukili.
Nilipomwona anachanganya petroli na oili,
jicho moja amelifumba,
kama anayempimia mtoto dawa,
nikamwambia: ilete hiyo ndege.

Mabawa mita mbili na nusu.
Iliingia karakana kiubavuubavu,
kama samadari ya harusi.
Tukatoa tangi, tukatoa bomba la moshi,
tukafuta mafuta yaliyoingia hadi kwenye mbao.
Nyaya za mota ni tatu; ukibadilisha mbili,
inazunguka kinyume.
Jaribio la kwanza ndege ilirudi nyuma,
ikamwaga chai ya Mwatela,
naye akacheka, mara ya kwanza wiki ile.

Shida ikawa mizani.
Si ile ya mashairi:
hii ya vidole viwili chini ya mabawa,
pua isiiname, mkia usiringe.
Petroli ilikuwa ikiungua, ndege ikirudi nyepesi,
kama mgeni aliyekwisha kusema alilolijia.
Betri haipungui.
Huondoka na uzito wake na kurudi nao,
imechoka tu.
Nawajua watu wa namna hiyo.

Usiku wa kuchaji, stima ikapotea.
Tukakaa gizani na tokeni zetu zilizolipiwa,
Mwatela akanung'unika: "Petroli haikatiki Magongo."
Sikuwa na jibu. Nilitafuta mshumaa.

Kisha nikamwambia, sikiliza.
Petroli hubisha hodi: hukohoa, hutema moshi,
hukupa muda wa kuondoa mkono.
Huu hauna hodi.
Betri ikishaunganishwa, kaa nyuma ya pangaboi
hata ukiliona limelala.
Halijalala.

Jumapili, Miritini, uwanja wa nyuma ya maghala.
Cheche moja kwenye plagi, ta!
kisha hakuna.
Wanasema kimya kingi kina mshindo;
niliusubiri mshindo, haukuja.
Niliona nyasi zinainama,
niliona kivuli kimeachana na magurudumu.

Watoto hawakutokea.
Kelele zako ndizo zilizokuwa zikiwaita
kutoka ng'ambo ya reli.
Waliokuja ni kunguru,
hawa wetu, wasiomwogopa hata mwenye kisu cha samaki,
lakini wewe walikuwa wakikukimbia.
Sita, saba, wakaizunguka.
Mmoja akaenda sambamba na bawa,
akaligeuzia shingo,
kama anayetaka kuulizia ukoo.

"Nasikia upepo kwenye bawa," alisema Mwatela.
Miaka kumi na moja anairusha ndege hii,
hakuwahi kuusikia.
Alisema tena, polepole,
na sikujua kama anafurahi.

Dakika ya nane saa ikalia, akaishusha.
Akaweka kiganja juu ya mota:
vuguvugu, basi.
Akakinusa kile kiganja. Hakikuwa na kitu.

Wewe umo katika kopo la rangi, lita nne,
chini ya meza, umezama kwenye oili.
Jana nilirudi mapema kutoka Makupa,
nikamkuta amechuchumaa, amefunua mfuniko,
uso wake karibu unakugusa.
Nilirudi nyuma hatua mbili, hadi nje ya mlango
wa karakana yangu mwenyewe,
nikabisha hodi.