Kona ya Getini

Teksi ya uwanja wa ndege ilimshusha mwenye nyumba,
mzee wa Kitaliano, mkavu kama ng'onda.
Nyuma yake, akikunjua kiti cha magurudumu,
mtu mfupi, sikio la kushoto limevimba kama andazi.
Nikaandika daftarini: wageni wawili.
Kalamu ikakwama.
Andazi lile nililiumua mimi.

Crisanto Dumalagan, uzani wa bantam, mashoto,
mtoto wa kisiwa cha miwa huko Ufilipino,
aliyeanza kupigana ndani ya ulingo wa jogoo,
mchanga bado una manyoya,
zawadi nusu gunia la mchele.
"Nusu nyingine ya meneja," aliniambia,
"na ikawa hivyo hivyo hadi Tokyo."

Tulizungumza Kiitaliano.
Chake cha kuogesha wazee Milano,
changu cha geti la Malindi:
karibu, hakuna shida, mshahara lini.

Mapambano arobaini na mawili.
Thelathini na moja kashinda, tisa kapoteza, sare mbili.
Mkanda mmoja, aliouuza kwa fundi wa redio
pazia la jicho lilipobanduka
na daktari akafunga faili.
Mimi ni ushindi wake wa kumi na nane,
tofali ndani ya ukuta wa mtu.

Muyeye nzima inajua nilishindwa kwa pointi:
kwao, waamuzi wao, ungetarajia nini?
Nimeisema miaka ishirini na sita,
kwenye kahawa, kwenye matanga, kwa wajukuu,
mpaka nami nikaanza kuikumbuka.
Ukweli ni raundi ya nne.
Nilikuwa chali, natazama taa za ulingo,
nikidhani ni jua la Kakuyuni
na mama ananiita nikafukuze nyani shambani.

Sasa shahidi amekuja.
Analala chumba cha juu ya jikoni.

Usiku wa tatu aliniletea viazi karai, akauliza,
"Mimi na wewe, alishinda nani?"
Nikadhani ananitania.
Hakuwa na utani usoni.
Jina la jogoo wa baba yake analijua,
rangi ya soksi za yule Mjapani anaijua,
chai aliyokunywa asubuhi haijui.
Nikasema: wewe, kwa pointi.
Akatikisa kichwa, akanionea huruma kidogo.

Usiku wa nne nikasema: sare.
Akanipiga bega.

Usiku wa tano, Mungu anisamehe,
nikasema: mimi. Nilikuangusha.
Akaamini.
Akasimama, akanipa mikono miwili, hongera,
kwa adabu ile ya mtu aliyewahi kuangushwa kweli.
Nilikesha. Najua, askari hulipwa akeshe,
lakini ule mkesho haukuwa wa mshahara.

Usiku wa sita nikayatapika yote:
raundi ya nne, ukanilaza, sikusikia hata kumi.
"Konde gani?"
La kushoto. Lilitoka chini.
Akanyamaza, kama mtu anayetafuta funguo mifukoni.
Kisha mguu wake wa kulia ukatangulia wenyewe,
kandambili ikakwaruza kokoto,
bega likashuka,
na konde likaja.
Kichwa hakikuwamo. Mkono uliijua njia.

Nami, nimechelewa miaka ishirini na sita,
nikainama.
Upepo wake ukanipita juu ya upara.

Huko juu mzee akagonga kengele, anataka maji.
Hatukutazamana.
Yeye akaenda kona yake, akipanda ngazi mbili mbili;
mimi kona yangu, getini,
nikakaa kwenye kigoda, mdomo wazi,
nikingoja mtu aniletee ndoo.