Daftari la Stoo, Siku ya Zoezi

Saa mbili asubuhi upepo ulikuwa umeshaamka,
upepo wetu wa Agosti, usiobisha hodi,
ukang'oa kamba za hema la njano
na kulilaza juu ya gari la mkoa.
Mkufunzi kutoka Dar es Salaam akasema:
"Kwanza kabisa, jueni upepo unatoka wapi."
Tukacheka. Dodoma nani asiyejua?
Muulize aliyeanika shuka nyeupe.

Mimi ni Nyemo, mtunza stoo ya dawa.
Sikuvaa lile vazi la plastiki, kofia mpaka viatu;
yalikuja manne, nasi tuko watumishi sitini.
Kazi yangu kuhesabu.
Atropini, vichupa mia moja na arobaini,
rafu ya juu, mbali na jua,
arobaini kati yake muda unaisha Novemba.
Nimeandika barua tatu kuomba nyongeza.
Jibu lilikuja moja:
"Tishio hilo halijawahi kutokea hapa."
Ni kweli. Hata moto haujawahi kuwaka stoo kwangu,
lakini ndoo ya mchanga ipo mlangoni
na kila Ijumaa naifuta vumbi.

Hadithi ya zoezi: mtu asiyejulikana
amefungua chupa stendi ya mabasi.
Majeruhi thelathini wa kuigiza, vijana wa chuo,
kila mmoja na soda yake na andazi,
kifuani kadi: "huyu anakohoa", "huyu haoni vizuri",
"huyu amekufa".
Aliyekufa alikuwa anaperuzi simu.

Wavueni nguo, tukaambiwa, waosheni kwa sabuni na maji mengi,
ndipo waingie wodini.
Maji mengi!
Sista Mbeleje akanitazama, nikamtazama.
Mtaani kwetu bomba linatoka Jumanne na Ijumaa,
na maji aliyoogea mtoto yanakwenda kwenye mchicha.
Boza lilipofika saa tano
tulilipokea kama bibi harusi.

Saa sita kasoro, pikipiki ikaingia getini.
Kati ya dereva na mwanamke, mtu ameshikiliwa
kama gunia, shati limelowa, povu mdomoni.
Vijana wakapiga makofi: huyu ndiye anajua kuigiza!
Nikatafuta kadi kifuani. Hana kadi.
Mkewe alisema Kigogo, haraka, bila nukta:
shamba la zabibu, Hombolo, bomba la mgongoni limevuja,
dawa ya wadudu, tangu alfajiri, hata chai hakunywa.

Dokta Chiwanga akamfunua jicho.
Mboni imekuwa tundu la sindano.
Hakusema neno. Alinyoosha mkono kuelekea stoo
nami nikakimbia, mimi ambaye hutembea nikitafuta miwani.

Walimkata shati, wakamwosha pale pale hemani.
Aliyekufa akatia simu mfukoni, akashika mpira wa maji.
Mzee Lechipya, katikati ya kukata roho,
bado alijaribu kujisitiri kwa viganja
mbele ya wasichana wa rika la wajukuu zake.
Sista akavua kanga begani, akaitanda ikawa ukuta,
jambo ambalo kwenye kitabu cha mkufunzi halimo.

Kichupa. Kingine. Subiri. Kingine.
Mpaka kifua kikakauka, pumzi ikaacha kukoroma.
Thelathini na saba, hadi jioni.

Usiku nikafungua daftari.
Safu ya tarehe, safu ya idadi, safu ya sababu.
Zoezi? Hapana. Shambulio? Nani kamshambulia?
Bomba bovu la elfu thelathini,
chupa isiyo na lebo kutoka mnadani,
glavu ambazo duka lile halijawahi kuuza.
Nikaandika: Mgonjwa. Nikatia saini.

Vimebaki mia moja na vitatu.
Barua ya nne nimeianza: Husika na kichwa cha habari hapo juu.
Kichwa cha habari bado sijakipata.

Wiki ya pili mkewe akaleta zabibu,
beseni zima, nyeusi, zina vumbi la njiani.
Niliziosha mara tatu, kwa maji ya boza tuliyoyahifadhi pipani.
Nikaziosha mara ya nne.
Nikala moja, nikangoja.